Chonge za Okiru

Kila mnapokuja kunitembelea, nyinyi vijana wa kliniki, mnaniuliza swali lile lile: bila kompyuta mlikuwa mnanyoosha meno vipi? Mnaliuliza kwa huruma, kama mtu anayemuuliza bibi yake alipikaje kabla ya kiberiti. Nimechoka kulijibu mlangoni, kwa hiyo naliandika. Tulikuwa tunanyoosha. Waya ulikuwepo, koleo ilikuwepo, na subira ilikuwepo hadi mgonjwa alipoingia na kuimaliza.

Habari za vifaa nitawapa, maana mnavipenda. Lakini ninachotaka mkae nacho ni habari ya mtoto mmoja wa Amagoro aliyeitwa Okiru, na chonge zake mbili za chini ambazo zilikuwa hazijaota, na watu waliotaka zitolewe kabla hazijaota. Chonge, kwa wanaojifanya wamesahau, ni lile jino lenye ncha linalokaa pembeni ya meno ya mbele. Mengine yote nitayasema njiani, kwa sababu yananikera na nisipoyasema yataniwasha.

Sikuingia katika kazi hii kupitia chuo. Niliacha shule nikiwa darasa la sita, baba alipomfuata mama kaburini, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Baba alikuwa fundi wa baiskeli hapa Malaba, karibu na mpaka, wakati ambapo baiskeli ndizo zilizovusha watu na magunia yao. Alituachia sanduku la spana na jina zuri. Watu walicheka kumwona msichana amepiga magoti kando ya gurudumu. Baadaye waliacha kucheka, kwa sababu gurudumu nililolirudisha halikuyumba.

Kunyoosha gurudumu kunataka mtu asiyekata tamaa. Rimu ikiinama kulia, hukazi spoki zote za kushoto mara moja. Unakaza hii kidogo, unalegeza ile kidogo, unazungusha, unatazama, unarudia. Ukilazimisha, ama spoki inakatika, ama rimu inakubali leo na kesho inarudi ilikotoka.

Daktari alinikuta nikifanya hivyo. Alikuwa daktari wa kupanga meno aliyetoka Kisumu, na alikuwa amekodi chumba nyuma ya duka moja la dawa hapa Malaba. Boda aliyembeba aliingia kwenye shimo, gurudumu likapinda, wakaja kwangu wote wawili, mmoja akinung'unika na mwingine akipangusa suruali. Nilipoanza kazi Daktari alisimama nyuma yangu, mikono mgongoni. Akaniuliza kwa nini sikazi yote nimalize.

"Chuma hakipendi haraka, mzee," nikamwambia. "Ukikilazimisha kinangoja uondoke."

"Meno pia," akasema.

Nilidhani ananitania. Akatoa mfukoni koleo ndogo kama ya mtu wa saa na kipande cha waya mwembamba, akachora umbo la kamba iliyojikunja juu ya karatasi, akaniambia nijaribu. Wa kwanza niliuharibu, wa pili pia. Wa tatu aliutazama, akautia mfukoni. Wiki iliyofuata nilimwachia Wandera, fundi mwenzangu, kivuli cha ukuta nilipokuwa nikifanyia kazi, nikaenda kuvaa koti jeupe. Wandera mtamsikia tena, kwa bahati mbaya.

Siku zile kazi kubwa ilikuwa pleti: kipande cha plastiki kinachokaa juu ya kaakaa, chenye waya mdogo unaosukuma jino. Kabla ya pleti ulipima mdomo kwa unga uliokorogwa na maji, ukamwaga plasta ndani ya alama yake, ukapata sanamu ya meno ya mtu. Sikilizeni, hata kama mashine zenu haziutumii unga huo. Maji yawe ya mtungi, ya baridi, kwa sababu kwa joto la Malaba maji ya bomba la mchana yanaugandisha ukiwa bado kwenye bakuli. Ukishapima, mwaga plasta hapo hapo. Mimi mwanzoni niliacha alama dirishani nikaenda kunywa chai, nikijua kitu kilichoganda kimeganda. Unga ulikauka ukanywea, na pleti niliyotengeneza ingemtosha mdogo wa mgonjwa. Daktari hakunikaripia. Alinipa ile pleti nikae nayo mezani, nayo ilikaa pale ikinitazama mwaka mzima.

Pleti ilikuwa na ubaya mmoja: inatoka. Kitu kinachotoka mdomoni kinaingia popote. Tulizipata zimekanyagwa, zimetafunwa na mbwa, zimefungwa kwenye leso pamoja na tumbaku ya babu. Mama mmoja wa Namboboto aliniambia mwanawe huvaa pleti Jumapili tu, ili isichakae.

Ndipo zikaja braketi. Mnazijua, hamhitaji maelezo, ila hamjui zilivyotutesa. Vile vibati vidogo vinagandishwa juu ya jino kwa gundi, na gundi ile inakauka kwa taa ya buluu. Taa inataka stima. Stima ya Malaba ilikuwa na tabia zake. Unasafisha jino, unalipaka dawa ya kulikwaruza, unaliosha, unalikausha, mgonjwa amefunua mdomo kama kifaranga, Daktari ameshika kibati mahali pake, unawasha taa, na taa inakufa. Mate yanaanza kupanda. Mate yakigusa jino, anza upya. Mwishowe tulivuta waya kutoka kwa jirani aliyekuwa na jenereta ya banda la video, na ndiyo maana wagonjwa wetu wengi wa miaka ile walifungwa meno huku wakisikia watu wakipigana mateke ukutani. Wengine waligeuza shingo kutaka kujua nani anashinda.

Waya mpya pia ulikuja. Ule wa zamani ulikuwa chuma cha kawaida, unaukunja unakaa ulivyoukunja. Huu mpya unalegea ukiwa baridi na kukaza ukipata joto, na hata ukiupinda unarudia umbo lake. Daktari alifurahi kama mtoto. Mimi nilikasirika, kwa sababu nilijifunza kukunja kwa miaka, na sasa nimeletewa waya unaokataa kukunjwa. Lakini niwaambie ukweli, ulikuwa bora. Ulifanya taratibu, usiku na mchana, ile kazi ya kukaza kidogo na kulegeza kidogo, bila kungoja mimi nikumbuke. Wagonjwa tuliwaambia maumivu yakizidi wanywe maji baridi. Kijana mmoja alitoka kliniki akapita moja kwa moja kwa mama wa chai, akarudi ameshika shavu, akasema waya umeamka.

Na muwa. Nitasema nini kuhusu muwa? Katika wilaya hii unamwambia mtu usitafune muwa, anakubali kwa kichwa, anaweka sahihi, anashukuru, kisha anakuja mwezi ujao na braketi mbili mfukoni na nyingine hajui iko wapi. Ukimuuliza amekula nini anasema ugali. Ugali gani unaong'oa chuma? Msichana wa shule huko Sigalame tulimpa mifuko ya raba ndogo za kuvuta meno ya juu na ya chini yakutane. Alirudi meno yako vile vile. Raba zote alimfungia mdogo wake misuko kwa ajili ya Krismasi. Akaniambia, bila aibu hata kidogo, kwamba zilikuwa saizi yake kabisa.

Sasa Wandera. Waya ukitoka nyuma ya jino la mwisho unachoma shavu. Dawa yake ni nta kidogo, halafu uje kliniki. Watu wetu hawakuja kliniki. Walikwenda kwa Wandera, kwa sababu alikuwa karibu na alikuwa na koleo. Alikata waya wa kijana mmoja kwa koleo ya kukatia kebo za breki, na alipoona kazi ni nzuri akazungusha na braketi moja, eti imelegea, aikaze. Nilipomfuata alikuwa amelala juu ya gunia.

"Si wewe ulitoka hapa kwangu?" akaniuliza. "Spoki ni spoki, dada."

Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika. Kwanza, ukikata waya mdomoni, kile kipande unakishika kwa pamba kabla ya kukata, la sivyo mgonjwa anakimeza. Hilo liwekeni kichwani. Pili, spoki si spoki tu. Mtaona.

Anayenifuata kuzaliwa ni dada yangu Nafula. Tangu akiwa mdogo Nafula alizungumza akiwa ameziba mdomo kwa kiganja au kwa pindo la leso. Meno yake ya chini yalikuwa yamelala huku na huku, na pembeni kulikuwa na pengo. Nilimlea na mkono huo ukiwa mdomoni, nikamwoza ukiwa mdomoni, kwa Etyang wa Amagoro, tanboi, yaani msaidizi wa dereva, wa malori ya kwenda Kampala. Nilipopata nafasi nilimwomba Daktari amtazame.

Picha ya eksirei ilipofika, Daktari aliiinua kwenye mwanga wa dirisha. Upande wa kushoto, mahali pa chonge, palikuwa patupu. Upande wa kulia kulikuwa na kitu kidogo kimelala ubavu ndani ya mfupa, kama punje ya mahindi iliyovunjika. Meno ya jirani yalikuwa yameinamia lile pengo, kama rimu inavyoinamia mahali spoki zilipokosekana.

"Alipokuwa mchanga alitolewa meno?" Daktari akauliza.

Ndiyo. Nilikuwepo, nilishika beseni. Mnajua desturi hiyo, na kama hamjui, inawajua. Mtoto akiwa na miezi michache anaanza kuhara na homa. Bibi anabonyeza ufizi, anaona mahali pa chonge pamevimba na pana weupe, anasema hayo ni meno ya plastiki. Ng'ambo ya mpaka wanayaita ebinyo. Anaitwa mtu wa kuyatoa, anachimba kwa ncha ya chuma, anatoa kitu cheupe, laini, mfano wa funza, na kila mtu anashangilia kwamba ugonjwa umeonekana. Kile kitu ni jino lenyewe, halijakomaa. Na lile la ukubwani liko chini yake tu, linaguswa nalo linaharibika. Kuhara hakuna habari na jino lolote.

Nafula akawa mtu mzima wa kwanza tuliyemfunga braketi. Mama mkwe wake, Mama Etyang, hakupenda. Nafula alikuwa amejifungua Okiru, na mama huyo alitaka kujua kama chuma hakitaingia kwenye maziwa. Nilimwambia maziwa yanatoka mahali pengine. Akasema anajua yanatoka wapi, amezaa tisa.

Kila mwezi Nafula alikuja Jumamosi. Jumamosi moja hakuja. Jirani yake aliyekuja kung'olewa gego ndiye aliyeniambia: Okiru anahara tangu katikati ya wiki, na mama wa kutoa meno ameitwa aje kesho baada ya kanisa.

Sikiliza hapa, wewe usiye na wakwe. Mkwe haendi kwa wakwe bila kuitwa. Mimi sikuwa dada tu. Wazazi hawakuwepo, mahari nilipokea mimi, kwa hiyo nilikaa katika kiti cha mama wa Nafula, na mama wa mke hatumbukii boma la mwanamume kama mtu anayetafuta kuku wake. Nilijua hayo yote. Nilichukua kwenye rafu sanamu ya plasta ya taya ya chini ya Nafula, ile tuliyopima kabla ya braketi, nikaitia kifuani kama yai, nikapanda baiskeli kwenda Amagoro.

Mama Etyang alikuwa uani na wanawake wawili wa jirani, wanachambua mboga. Aliponiona aliweka chini ungo.

"Mkwe," akasema, "nani amekufa?"

Nikamwambia hajafa mtu, nimekuja ili asife. Hapo nilikuwa nimekwisha vunja adabu mara mbili, nikaona niendelee.

Okiru alikuwa amelala mapajani mwa mama yake. Macho yameingia ndani, midomo mikavu. Nilifinya ngozi ya tumbo ikabaki imesimama. Nilipouliza anakunywa nini, nikaambiwa anapewa kidogo tu, kwa sababu maji yanaongeza kuhara. Jamani. Gurudumu linavuja pumzi na nyinyi mnaficha pampu.

Niliomba maji yaliyochemka, chumvi na sukari. Wakati maji yanapoa, Mama Etyang alinishika kidole akakipeleka kwenye ufizi wa mtoto. "Gusa. Hiyo ni meno ya plastiki. Mimi sidanganyi."

Niligusa. Ulikuwa umevimba kama ufizi wa mtoto yeyote wa umri ule. Nikamweleza kuhusu jino lililo chini na lililo chini yake. Nilieleza vizuri, njia nzima nilikuwa nikipanga maneno.

Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akafungua mdomo wake mwenyewe akanionyesha. Mbele, chini, hakuwa na mawili, kama mila ya wazee wao ilivyotaka. "Mimi nilitolewa hii nikiwa msichana, kwa kisu, na sikulia. Mahindi natafuna mpaka leo. Wewe unaogopa mbili ya mtoto?"

Nikasema hayo yake yalitolewa yakiwa yameshaota.

"Daktari yako amezaa wangapi?"

"Wawili."

"Basi aendelee."

Wanawake wa mboga wakacheka. Nikatoa sanamu kifuani. Nilikuwa nimeitegemea ile sanamu kuliko maneno yote. Mama Etyang aliigeuza, akaipima uzito kwenye kiganja, akaigonga kwa ukucha.

"Hii ni ya mbuzi," akasema.

"Ni ya Nafula, mama."

"Nafula anakula, analima, anazaa. Hii ina shida gani?"

Mtu anaogopa mjukuu atakufa, wewe unamwonyesha meno yaliyoinama. Ni kama kumwambia anayezama kwamba shati lake limekunjamana. Mashine zenu zote zikiwa pale zisingenisaidia.

Mbele ya mama mkwe wake Nafula alikuwa hasemi zaidi ya ndiyo na hapana, na hata hizo alizipitisha nyuma ya kiganja. Sasa alinipa mtoto nimshike, akaichukua ile sanamu mikononi mwa Mama Etyang, kwa mikono yote miwili. Kwa hiyo hapakuwa na mkono wa kuziba mdomo.

"Mama, hii ni mdomo yangu," akasema. "Nilitolewa kwa sababu ya kuhara. Kesho yake nikahara vile vile. Tulikuwa na ndugu yetu wa mwisho, Barasa. Yeye pia alitolewa kwa sababu ya kuhara. Akabaki na kidonda, akakataa ziwa, na kuhara ikaendelea. Tulimzika akiwa kama huyu. Huyu hatakatwa."

"Nani amesema?"

"Mimi. Etyang akirudi, aniulize mimi."

Barasa hatukuwa tunamtaja. Miaka yote tuliyoishi pamoja, mimi na Nafula, hatukuwahi kusema jina hilo kwa sauti, na mimi nilidhani yeye alikuwa mdogo mno kukumbuka.

Mama Etyang hakuwa anaangalia sanamu. Alikuwa anaangalia mdomo wa mkaza mwanawe, braketi, pengo na yote.

"Kumbe ni hiyo ulikuwa unaficha," akasema polepole. "Mimi nilijua unanicheka."

Nafula akatikisa kichwa.

"Tangu umekuja hapa, kila nikiongea unaweka mkono. Nikasema huyu msichana wa mjini ananidharau." Kisha akaninyang'anya kijiko, maana nilikuwa nimeanza kumnywesha mtoto. "Lete hapa. Wewe unamwaga."

Na alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu, lazima niseme. Kijiko kimoja, anangoja. Akitapika, anangoja zaidi, anaanza tena. Hakukaza yote mara moja. Walipokezana yeye na Nafula, kijiko na ziwa, kijiko na ziwa. Mimi nilizuiwa kuondoka kwa sababu mkwe aliyekuja bila kuitwa haondoki bila kula, na kuku alikuwa bado anakimbia. Nililala huko. Asubuhi, tukiwa tumekaa nje, Okiru alimkojolea bibi yake gauni la kanisa, mkojo mwingi, wa kutosha. Mama Etyang aliinua gauni akaanza kulalamika. Nikamwambia mkojo huo ndio habari tuliyokuwa tunaingoja. Akaniambia basi nije niufue.

Kanisani hawakwenda. Mama wa kutoa meno alifika mchana, akaegesha baiskeli yake, mtu mpole, amevaa vizuri. Mama Etyang alimpokea penye ua, akampa chai na njugu, akamwambia mtoto amekataa kuumwa. Walicheka wote wawili. Alipofungua kitambaa chake kutafuta leso ya kujipangusa, niliona chombo chake. Ilikuwa spoki ya gurudumu la nyuma, ile nene, imenolewa juu ya jiwe hadi ikang'aa. Nilikaa nikiitazama. Nimewahi kushika maelfu ya hizo. Ndiyo maana siku Wandera aliponiambia tena spoki ni spoki, nilimfukuza na spana.

Jumatatu tulimpeleka Okiru zahanati, akatazamwa, akapona.

Sasa turudi kwenu. Mtaletewa wagonjwa wenye pengo hilo hadi leo, nawajua, nimewaona kwenye picha zenu zinazozunguka. Mashine itawaambia jino halipo na itawapangia nyaya za kufunga nafasi au kuiacha. Vizuri. Lakini mkiona pengo hilo, ulizeni nyumbani kuna mtoto mchanga gani sasa. Msimkaripie mama wala bibi yake. Mtu aliyekaripiwa anakwenda kwa mwenye spoki, maana huko anapokewa vizuri. Mpeni kitu cha kufanya kwa mikono yake. Na mvae glovu, na mmwambie mgonjwa kuhusu muwa, ingawa atatafuna.

Nafula alifunguliwa braketi baada ya muda wake. Chonge za bandia tulimtengenezea, nikazipaka rangi mwenyewe ili zifanane na jirani zake. Pleti ya kushikilia meno yasirudi aliivaa kwa mwezi mmoja, kisha akaiacha juu ya kabati. Dada yangu wa damu. Meno yakaanza kurudi yalikotoka, nami nikaanza kupiga kelele upya.

Okiru alipokaribia miaka miwili niliitwa Amagoro, nikaitwa rasmi safari hii, na mtu akatumwa. Mama Etyang aliniambia nije nione mali yangu. Nilinawa mikono, nikamkalisha mtoto gotini, nikamwomba afungue mdomo. Akakataa. Nikamwimbia, akakataa. Nikapitisha kidole pembeni ya shavu kama nilivyofundishwa, nikafika mahali pale chini kushoto, nikagusa ncha kali, mpya. Nikahamia kulia. Hapo akauma.

Hakuachia. Niliita jina lake, nikaita la mama yake. Nafula alikuwa anacheka amejiinamia, mikono yote miwili tumboni.

"Mkwe," Mama Etyang akaniambia, hajainuka hata kidogo, "si wewe ndiye ulizitaka?"

Aliponiachia nilikitazama kidole. Kulikuwa na alama ya ncha kulia, na nyingine kushoto.